Fedha mkononi mwa kaya ya kijijini: majibu kwa maswali yenu

Wasomaji kadhaa wameandika kuuliza kuhusu mipango ya kutoa fedha moja kwa moja kwa kaya maskini za vijijini, badala ya kuzigawia chakula, mbegu au vifaa. Nimechagua maswali matano, na lile la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalobeba mengine.

Fedha hizi kwa kawaida si nyingi. Ni kitu gani hasa kinachobadilika katika maisha ya familia iliyoelemewa?

Kinachobadilika kwanza ni uwezo wa kusubiri. Mkulima asiye na akiba hulazimika kuuza mazao siku zile zile za mavuno, wakati kila mtu anauza na bei imeshuka, kisha miezi michache baadaye akanunua nafaka ile ile kwa bei ya juu. Msimu wa kupanda unapowadia, ghala ni tupu, na baba na mama huamkia kibarua katika shamba la mtu mwingine ili watoto wapate chakula cha jioni. Shamba lao wenyewe hupandwa kwa kuchelewa na kupaliliwa magugu yakiwa yamekwisha kuyazidi mazao nguvu, mavuno hupungua, na mwaka unaofuata huanza na njaa ile ile. Kaya ya namna hii ina bidii na ina maarifa ya kilimo. Inachokosa ni chakula cha wiki tatu au nne katika mwezi ambao shamba linawahitaji wenyewe. Fedha zikifika kabla ya mwezi huo, wazazi hubaki shambani kwao, na mabadiliko yote mengine huanzia hapo.

Jambo la pili ni gharama ambazo umaskini wenyewe huzizaa. Chukueni mfano wa paa la nyasi lililochoka. Mvua ya usiku ikianza, mama huamka gizani, hukunja mkeka, huwasogeza watoto kwenye kona isiyovuja na kutega sufuria chini ya tone. Asubuhi watoto huenda shule na usingizi machoni, na nafaka iliyolowa huanza kuota ukungu. Nyasi hizo hubadilishwa mara kwa mara, na kila mara ni fedha na siku za kazi zinazopotea, ilhali mabati yangedumu miaka mingi. Hesabu hiyo mwenye nyumba anaijua vizuri, ila hajawahi kushika fedha za kutosha kwa wakati mmoja. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, waliofuatilia kaya zilizopewa fedha bila masharti na shirika la GiveDirectly kule Rarieda, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2011, waliona mifugo na mapaa ya mabati vikiongezeka, chakula kikiwa bora zaidi, na hali ya moyo ya wenye kaya ikiimarika.

Je, hawatazimalizia kwenye pombe?

Swali hili hunifikia kila mara, na ninalijibu bila kusitasita. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya mwaka 2014 matokeo ya tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia, wakakuta kwamba, kwa jumla, fedha hizi haziongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Rarieda nako ilikuwa vivyo hivyo. Mlevi mmoja mmoja hakosekani, kama asivyokosekana miongoni mwa wanaolipwa mishahara, lakini si haki kuzinyima kaya mia moja kwa sababu yake. Mzazi aliyekwisha kulaza watoto na njaa huwa na orodha ya mahitaji kichwani siku nyingi kabla fedha hazijafika.

Ni bora zitolewe kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo kila mwezi?

Inategemea shida iliyopo. Rarieda ilionyesha kwamba malipo ya kila mwezi husaidia zaidi kuhakikisha chakula hakikatiki, na mkupuo husaidia zaidi kununua vitu vya kudumu. Mimi naona tarehe ina uzito kuliko vyote viwili. Niliwahi kuketi na mama mmoja aliyeahidiwa malipo kwa siku maalumu. Kwa ahadi hiyo akakopa mbegu dukani, akaandikwa kwenye daftari la madeni, na malipo yakachelewa miezi miwili bila mtu yeyote kumpa maelezo. Alinionyesha jina lake kwenye daftari lile, likiwa limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Malipo yasiyotabirika humrudisha mtu katika kuishi kwa kubahatisha, na hilo ndilo hasa msaada ulikusudiwa kuliondoa.

Majirani waliokosa wanaumia? Na bei za vitu hazipandi?

Katika Kaunti ya Siaya, nchini Kenya, zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 za Marekani kila moja, na watafiti wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Waligundua kwamba kila dola iliyotolewa iliongeza zaidi ya dola 2 katika uchumi wa eneo lile, kwa sababu fedha ziliwapitia fundi, mwenye duka na mwenye mashine ya kusaga, nao wakazitumia tena hapo hapo. Hata waliokosa waliongeza matumizi yao, na bei zilipanda kwa chini ya asilimia 1. Hata hivyo, msidhani ni hivyo kila mahali. Nchini Ufilipino, katika vijiji vya mbali ambako kaya nyingi zilipokea fedha, bei za vyakula kama mayai na samaki zilipanda, na watoto wa kaya zilizoachwa wakadhoofika kiafya. Mahali ambapo bidhaa hufika kwa shida, wapangaji wanapaswa kuwafikiria mapema wale watakaobaki nje ya orodha.

Nimeandikishwa, na malipo ya kwanza yanakuja. Nianzie wapi?

Ndugu yangu, kaa na mwenzako kabla fedha hazijaingia, watoto wakubwa wakiwepo, mkubaliane kitu cha kwanza na cha pili. Kama msimu uko karibu, ningetenga kwanza chakula cha kipindi cha kupanda na kupalilia, kisha mbegu, kisha lile deni ambalo riba yake inakua. Mfugo na mabati vingoje baada ya hapo. Unapokwenda kuchukua fedha kwa wakala, usimtajie mtu namba yako ya siri hata akijitolea kukubonyezea simu, na uzihesabu mbele yake kabla hujaondoka dirishani. Akikukata zaidi ya ada iliyobandikwa, omba risiti, andika tarehe na kiasi, kisha upeleke malalamiko kwa wasimamizi wa mpango siku hiyo hiyo, ukifuatana na mpokeaji mwingine aliyeshuhudia.