Kwa mwenyekiti wa Buhongwa: msiungane, na kikao msikifute

Mkuu, nimesoma uzi wako na majibu yote ya wadau. Kwa atakayeingilia hapa katikati: mleta mada anaongoza kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha watu 24 kule Buhongwa, Mwanza. Mzunguko umeisha salama, sanduku limevunjwa, kila mtu kaondoka na chake. Sasa wanachama wameleta hoja mbili. Moja, waungane na kikoba cha mtaa wa pili wafike 60 ili mtaji unone. Mbili, kikao cha kila wiki kifutwe, hisa zitumwe kwa simu na taarifa zibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Wachangiaji wengi wamekujibu "songa mbele, dunia imehama". Mimi nakwambia ya kwanza ikatae kabisa, ya pili chukua nusu yake.

Nasema hivi nikiwa katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa upande wa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ni cha akina mama, pamoja na wanaume watatu ambao tuliwapokea baada ya mjadala mrefu kuliko ule wa riba.

Biashara yetu inaendeshwa na mwezi. Dagaa huvuliwa wakati wa giza: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinafanya kazi. Mbalamwezi ikishawaka taa haina maana tena. Mitumbwi inapandishwa mwaloni, wavuvi wanashona nyavu au wanalewa. Kwa hiyo hela kwetu huingia kwa mkupuo, halafu hukauka. Mwalimu aliyekuja kutufundisha mfumo wa hisa alikuja na utaratibu uleule wa kila mahali, kwamba kila kikao mwanachama ananunua hisa kuanzia moja hadi tano. Tukamwambia, mwalimu, wakati wa mbalamwezi hata hiyo moja ni mbinde. Tukakubaliana hisa tununue kipindi cha giza, na kipindi cha mbalamwezi tuchangie mfuko wa jamii tu, ule wa kusaidiana, hela ndogo ambayo hata aliyefilisika haikosi. Faini ya kutokuja nayo tukaishusha.

Mimi ndiye ninayeita majina, daftari la mahudhurio liko mkononi mwangu. Nilitegemea vikao vya mbalamwezi viwe vitupu. Hisa hakuna, mkopo hakuna maana sanduku limekauka, na faini ya kukosa ni hela ya vitumbua viwili vitatu. Watu wakaja. Walikuja mapema na walichelewa kuondoka kuliko wakati wa giza. Ndipo nikaanza kuangalia kwa makini hawa wenzangu hasa wanafuata nini.

Tuna mama mmoja mtu mzima, wote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hajakopa tangu aingie. Watoto wake wametawanyika, mmoja Geita machimboni, wengine Dar. Ananunua hisa moja, anakaa kwenye benchi lilelile, na asipoonekana lazima mtu apite kwake kabla ya kulala. Mwingine ni mtunza funguo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Ndivyo vikundi vya namna hii vilivyo karibu kila nchi, tangu shirika la CARE lilipovianzisha Niger mwaka 1991. Kufuli tatu ni za kuzuia wizi, sawa. Lakini huyu mwanamke nyumbani kwake hata kuku akiuzwa haulizwi. Huku watu zaidi ya 20 wanakaa wakimsubiri yeye, maana asipofika sanduku halifunguki. Ulipofika wakati wa kubadilisha watunza funguo alikabidhi bila neno, ila hapohapo akaomba apangiwe kuhesabu fedha.

Yuko mwanasaikolojia wa Marekani, William Schutz, aliyeandika mwaka 1958 kwamba katika kikundi kidogo mtu hutafuta mambo matatu: ahesabiwe kuwa ni mmoja wao, awe na usemi katika yanayoamuliwa, na apendwe. Ukiwa na daftari la mahudhurio utayaona hayo bila yeye, lakini amenisaidia kuyapanga. Hela haimo kwenye orodha yake. Hela ndiyo sababu inayokubalika ya kuaga nyumbani. Mke wa mtu akisema "natoka kidogo nikakae na wenzangu" ataulizwa maswali mpaka jioni. Akisema anakwenda kupeleka marejesho, hakuna wa kumzuia.

Na huku kwetu jambo hili halikuja na vikoba. Wasukuma walikuwa na basumba batale, vijana wa kijiji waliolima mashamba ya watu kwa zamu, wakiongozwa na nsumba ntale, kwa ngoma na nyimbo, na mwenye shamba akawalisha. Ushindani wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, unaoendelea Bujora kwenye sherehe za Bulabo umetoka kwenye maisha hayohayo, na sijasikia mzee akisema ngoma ilikuwa inapoteza muda wa jembe. Kanisa Katoliki nalo liliona parokia ni kubwa mno kwa paroko kujua nani kalazwa na nani kafiwa, ndiyo maana miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wakaamua nguvu ziwekwe kwenye jumuiya ndogondogo. Chama tawala nacho kilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Baadhi ya mabalozi walikuwa mabingwa wa majungu, lakini walijua nani kalala njaa.

Twende kwenye hiyo 60 yenu. Kama umewahi kuona kokoro, ule wavu wa kukokota, likivutwa ufukweni (limepigwa marufuku, najua, sisifii), umeona kamba imejaa watu na huwezi kujua nani anavuta na nani kashika tu. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alilipima hilo kwa kamba, na matokeo yake yakachapishwa 1913: watu 8 wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Yeye alilaumu zaidi kutovuta kwa mpigo mmoja. Waliopima baada yake wakaonyesha kwamba kutegeana nako kumo.

Piga hesabu nyingine. Watu 24 ni jozi 276 za watu wanaopaswa kujuana. Watu 60 ni jozi 1,770. Yaani wanachama wameongezeka mara mbili na nusu, ila mahusiano ya kutunza yameongezeka zaidi ya mara sita. Na hayo mahusiano ndiyo dhamana yenu. Kausha damu, mkopeshaji wa riba ya kuumiza, anashika kadi yako ya benki, au friji, au cherehani. Nyinyi mnashika nini? Mnaye mdhamini anayejua kwamba genge la mkopaji lipo kweli, kwamba mtoto wake kalazwa kweli, na kwamba mtaji wa mwaka jana uliliwa na mume, siyo na biashara. Kwenye watu 60 mdhamini atakuwa anasaini kwa ajili ya jina aliloliona kwenye simu.

Kuna na suala la muda tu. Kila mtu anaitwa, anataja hisa zake, hela inahesabiwa mbele ya watu, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake. Mkiwa 24 mnamaliza jua bado lipo. Mkiwa 60 mtaanza kuruka hatua, na hatua inayorukwa kwanza huwa ni ya kuhesabu hadharani.

Kama shida ni mtaji, pandisheni thamani ya hisa. Kikundi cha jirani kibaki jirani. Sisi na wenzetu wa mwalo wa pili tunakodi gari moja kupeleka magunia Kirumba Mwaloni, tunagawana nauli, na kila kikundi kina sanduku lake.

Simu sasa. Hela kulala kwenye sanduku nyumbani kwa mtu ni hatari, hapo wadau wako sahihi. Iwekwe kwenye simu au benki, na aliye safarini Ukerewe atume hisa zake kutoka hukohuko. Lakini ujumbe wa muamala usomwe kwa sauti kikaoni. Kwetu salio linatajwa mwisho wa kikao na kila mtu analikariri, na kikao kinachofuata kinaanza kwa mtu yeyote kunyooshewa kidole alitaje bila kutazama daftari. Mayu hajawahi kukosea, na kusoma hajui.

Kikundi kimoja cha jirani zetu, sikitaji jina, kilihamia kwenye simu moja kwa moja. Haikuibiwa hata shilingi. Mwenzao akauguliwa na mtoto, kundi la WhatsApp likajaa "pole sana dada" na "Mungu amponye" na vile vikono vya maombi. Hakuna aliyefika wodini. Kila mmoja aliona wenzake wameandika, akadhani na kwenda wamekwenda. Wenye kitochi, simu isiyo na WhatsApp, hawakupata hata habari. Yule dada alipotoka hospitali akamaliza mkopo wake, akaomba hisa zake, akaaga vizuri. Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, mpaka mzunguko ukavunjwa kabla ya wakati. Ukiwauliza leo watakwambia mtandao ulikuwa unasumbua.

Ubaya wa vikundi vidogo wadau humu hamjaugusa, na upo. Macho yanayokulinda ndiyo yanayokubana. Namfahamu mwanamke aliyekopa kausha damu ili apeleke marejesho kikundini, kwa sababu aibu ya kusimama mbele ya benchi la wenzake aliiona nzito kuliko riba. Kuna vikundi vinaandamana mpaka kwa mtu na kubeba godoro na masufuria huku wanaimba, halafu wanajisifu kwamba wana nidhamu. Mimi nauita ujambazi wenye katiba. Kwetu aliyekwama anaandikiwa upya ratiba ya kulipa, na anayekwenda kumwona ni mdhamini wake na mwenyekiti, bila nyimbo.

Na hatupokei maskini kweli. Akina mama wanaoanika dagaa kwa kibarua, wanaolipwa kwa ndoo, karibu wote wako nje ya vikundi vya mwaloni petu. Hisa ya chini inawashinda na saa ya kikao wako juani. Tuliposhusha hisa waliingia wachache mno, maana tulikuwa bado tunakaa saa zilezile za kazi yao. Watu wanachagua wanaofanana nao, na ndiyo maana kikundi kinakuwa kitamu kwa walio ndani. Sina dawa ya hilo zaidi ya kuhamisha saa, ambalo ndilo tunalojadili sasa.

Uongozi usiwe wa kudumu. Umeandika mwenyewe kwamba uko kitini tangu kikundi kianze, mkuu. Wakikusifu washukuru, kisha waachie wengine kiti mzunguko huu. Kile kitu anachokipata mtunza funguo wetu, usikimalize peke yako.

Kuna mdau kakushauri muungane ili muombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanaostahili waombe, hauna riba. Ila kikundi kisizaliwe kwa ajili yake. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, vikundi vya aina hiyo huku kwetu viliyeyuka, na ilipofunguliwa 2024 watu walewale wakaanza kutafutana kuandika majina. Usajili ni jambo jingine, huo fanyeni: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vyetu daraja la nne, na mlango wake uko halmashauri. Anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Kwa leo hii shughulikia hizi wiki za baada ya mgao, maana ndizo zinazoua. Kila mtu ana hela mfukoni na hana sababu ya kumtafuta mwenzake. Sisi siku ya mgao tunapika, tunakula, na kabla hatujanawa mikono hisa ya kwanza ya mzunguko mpya imeshanunuliwa kutoka kwenye mgao huohuo na tarehe ya kikao imetajwa. Nyinyi hiyo siku imeshapita, kwa hiyo ita kikao wiki hii, hata kiwe cha chai tupu, na usitume ujumbe kundini. Pita nyumba kwa nyumba, au gawana nyumba na katibu wako.

Halafu weka hapa uzini vifungu viwili vya katiba yenu tuvipitie, cha faini na cha msiba. Kwenye faini taja nani anasamehewa: mgonjwa, aliyejifungua, aliyefiwa. Kwenye msiba mkiandika "mzazi", semeni wazi kama mkwe yumo, na kama mtu akifiwa mara mbili ndani ya mzunguko mmoja mfuko unatoa kiasi gani. Kwetu mkwe yumo, mjomba hayumo. Huyo mjomba alitumalizia jioni nzima.