Mwanangu, hizo alamu tano za mkeo

Mwanangu, meseji yako ndefu nimeisoma jana usiku, nikamsomea na baba yako akacheka mpaka akakohoa, usikasirike, anacheka kwa sababu yeye ndo alikuwa mkeo kwenye hii stori. Unauliza eti uhamie chumba cha wageni kwa sababu mwenzio anatega alamu tano, saa kumi kamili alfajiri, na kumi, na ishirini, mpaka na arobaini, zote anazizima analala tena, na wewe umetoka shifti ya jioni hotelini umeingia ndani saa tano, usingizi umekuja saa saba, sasa ikilia ile ya kwanza ndo basi, unabaki unatazama chandarua. Na unaogopa ukihama watu watasema ndoa imekufa.

Mi nianze na swali ambalo hukuniuliza. Huyo mtoto wa watu anaamka saa kumi kufanya nini? Ofisi yao inafunguliwa saa mbili. Nakujibu mwenyewe maana nimekaa kwenu nimeona: skuli basi inapita saa kumi na moja na nusu, kabla haijapita kuna uji, kuna uniform za kupiga pasi, kuna chupa za maji, kuna yule wa pili anayelia kila akiambiwa avae soksi, halafu yeye mwenyewe aoge akapiganie mwendokasi pale Kimara kabla haijajaa. Anatega tano kwa sababu anajua moja haimtoshi, amechoka, na hakuna mwingine wa kumwamsha. Mtu aliyelala masaa saba haya ambayo madaktari wanatuambia mtu mzima anayahitaji hategi alamu tano, anatega moja na mara nyingine inamkuta macho.

Na wewe ukifika hiyo saa tano mpaka saa saba unafanya nini? Mpira. Au simu. Mi sikukatazi, mtu akitoka kazini lazima apoe, lakini hayo masaa mawili ndo dawa ya hii ishu na iko mkononi kwako. Pika uji wewe usiku, utie kwenye chupa ya chai, asubuhi bado wa moto. Piga pasi uniform huku unaangalia huo mpira wako. Jaza chupa za maji, panga mabegi mlangoni, soksi ndani ya viatu. Hapo mkeo anaamka saa kumi na moja kasoro badala ya saa kumi na wewe umelala karibu saa nzima zaidi bila kugombana na mtu, na hujahama chumba.

Sasa alamu yenyewe. Hizo dakika kumi kumi za snuzi hazimsaidii, anapata usingizi wa vipande vipande na kila akiamka kichwa kinakuwa kizito upya, dada yako si unajua kasomea unesi, ndo alinieleza hivo, na akasema usingizi wa kuelekea asubuhi ndo wenye ndoto nyingi, kwa hiyo wewe unakatwa palepale kwenye utamu. Baba yako enzi zile anaendesha basi la Mwanza, mabasi yalikuwa hayatembei usiku kwa hiyo yote yanatoka Ubungo saa kumi na mbili asubuhi, yeye awe stendi kabla ya hapo anakagua tairi. Alikuwa na saa ya mezani ya kengele, ile ya funguo mgongoni, anaiweka juu ya sinia la bati chini ya kitanda ili ipige kelele zaidi. Inalia, sinia linatetemeka linatembea sakafuni, majirani wanaamka, yeye anakoroma. Anayeamka ni mimi, niizime saa, nimtikise, halafu mimi usingizi umeruka yeye ananiuliza saa ngapi. Nikaitoa ile saa nikaiweka sebuleni juu ya kabati, nikamwambia mimi sikuamshi tena. Siku ya kwanza alinuna. Lakini aliamka, maana lazima atembee kuifuata, na akishafika sebuleni ashafika.

Kwa hiyo simu ya mkeo ikalale sebuleni, moja tu, ya sauti. Sio dirishani jamani, wezi wa mtaa wenu huo wana fimbo ndefu. Au kama ana ile saa ya mkononi ya kisasa, inaweza kutetemeka kwenye mkono wake peke yake na wewe husikii kitu. Nguo zake azitoe usiku aziweke bafuni au sebuleni, asiwashe taa kubwa wala asipekue kabati. Kupekua ndo kunaamsha watu kuliko alamu. Baba yako vitu vyake vyote alikuwa anavifunga kwenye mifuko ya rambo, chakra chakra chakra saa kumi usiku, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki 2019 mimi nilishangilia kwa sababu zangu binafsi.

Na kitu kingine nakuambia kama mama. Msikiti uko nyuma ya ukuta wenu, adhana inapigwa kila alfajiri na spika inaelekea dirishani kwenu, hujawahi kuniandikia kuhusu adhana. Unailalia. Ya mkeo inakuamsha kwa sababu unaisubiri huku umeshakasirika, na hiyo hasira haitokani na simu, kuna kitu hamjaongea.

Kuhama chumba. Hamna dhambi. Watu wa shifti wengi wanafanya, na mimi najua ndoa za kitanda kimoja ambazo watu hawasemeshani tangu uchaguzi ule mwingine. Ila kama mtafikia huko mkubaliane mchana, mmekaa, siku za kazi tu, wikiendi unarudi kwako. Usije ukabeba mto kwapani saa tisa usiku umefura, hapo sasa ndo utakuwa umemwambia kitu kingine kabisa na kukifuta ni kazi. Habari ya watu watasema, watu gani? Dada wa kazi? Mpe yeye kazi ya soksi za watoto atanyamaza.

Jaribu kwanza hilo la uji, halafu nipigie uniambie alamu zimebaki ngapi. Barua hii usimwonyeshe mkwe wangu kama mmenuniana, ataona namtetea na wewe utaona hivohivo. Na ile chupa yangu ya chai ya bluu ipo kwenu tangu Idi, uji msitie humo, nairudia.

Mama