Positroni haina uzito hasi: kinachogeuka kwenye antimata ni alama (chanya au hasi)

Mwanzisha uzi ameuliza kama positroni, yaani mwenza wa elektroni upande wa antimata (maada ya chembe zenye alama zilizogeuzwa), ni nyepesi kuliko elektroni au ina uzito hasi. Jibu ni hapana, na nalitoa nikiwa mtu anayeshughulika na positroni kila siku, kwa kuwa nafanya kazi katika idara ya tiba ya nyuklia inayopiga picha za PET (picha za ndani ya mwili zinazotegemea positroni) kwa wagonjwa wa saratani.

Chembe hizi zina uzito uleule na spini ileile (mzunguko wa asili wa chembe). Kilichogeuka ni chaji, iliyo hasi kwa elektroni na chanya, kwa kiasi kilekile, kwa positroni. Ndivyo Carl Anderson alivyoitambua mwaka 1932, alipoona njia yake ikipinda ndani ya uga wa sumaku kama ya elektroni, ila kuelekea upande wa pili.

Kazini usawa huo tunausoma kwenye skrini. Tuna kaunta ya gama, kifaa kinachopima nishati ya miale ya gama, tunayoisawazisha kwa sesiamu 137 yenye mnururisho, ambayo mwale wake una kiloelektronivolti 662 (kipimo cha nishati). Ukiweka humo tone la florini 18, aina ya florini inayotoa positroni, positroni zinazotoka hukwama mara moja, hukutana na elektroni, na kila jozi hutoweka na kuacha fotoni (chembe za mwanga) mbili zinazokwenda pande zinazokabiliana. Kilele cha grafu husimama kwenye kiloelektronivolti 511. Hiyo ndiyo nishati iliyomo katika uzito wa elektroni moja, kwa hiyo kama positroni ingekuwa nyepesi kwa kiasi cha maana, kilele kingeshuka chini ya hapo, na kama uzito wake ungekuwa hasi tusingepata fotoni hizo kabisa.

Kuna aliyedai kwamba chembe isiyo na chaji haiwezi kuwa na mwenza wa antimata. Si kweli kwa nyutroni: antinyutroni, iliyogunduliwa mwaka 1956, imeundwa na antikwaki (wenza wa kwaki, chembe ndogo zinazounda nyutroni), na usumaku wake umeelekea kinyume. Fotoni ndiyo iliyo mwenza wa nafsi yake.

Kuhusu mvutano wa dunia, jaribio la ALPHA-g huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, lilionyesha mwaka 2023 kwamba antihidrojeni (hidrojeni ya antimata) huanguka chini, haipai juu. Tofauti ya kweli, isiyo ya alama tu, ilionekana mwaka 1964, pale wanafizikia Cronin na Fitch walipokuta kaoni (chembe zinazodumu kwa muda mfupi sana) hazifuati kikamilifu ulinganifu baina ya maada na antimata. Lakini tofauti za aina hiyo zilizokwisha kupimwa ni ndogo mno kueleza kwa nini ulimwengu umejaa maada.