Usisubiri watu wapite

Mwaka juzi nilikaa siku mbili Istanbul nikisubiri kuunganisha ndege, nikarudi Dar na picha zaidi ya 600. Misikiti, mnara wa Galata, misikiti tena. Mke wangu alizipitia kwenye kompyuta, akaniuliza, "Watu wa huko wamehama?" Nikakosa jibu. Nje ya Hagia Sophia, msikiti wa kale maarufu wa huko, nilisimama karibu nusu saa nikingoja uwanja ubaki mtupu.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri mpiga picha Ara Güler, Mwarmenia wa Istanbul, mtoto wa mfamasia wa mtaa wa Beyoğlu, aliyezaliwa 1928 na kufariki 2018. Aliwapiga picha kina Picasso na Churchill, lakini mimi hunasa kwenye wavuvi wake wa Kumkapı, mtaa wa pwani wa Istanbul. Kwake Hagia Sophia bila mpita njia haikuwa picha. Tena alikataa kuitwa msanii, akajiita mwandishi wa habari. Nadhani kila kitu kimo humo: mwandishi wa habari hawafukuzi watu kwenye picha.

Mwaka 1958 alitumwa kupiga picha za uzinduzi wa bwawa la Kemer, kusini-magharibi mwa Uturuki. Wakati wa kurudi dereva akapotea njia, usiku ukawakuta kijiji cha Geyre. Mkahawani wazee walikuwa wanacheza karata, na meza yao ilikuwa kichwa cha nguzo ya kale. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya magofu ya mji wa kale wa Aphrodisias! Picha zake zikautangaza mji ule duniani, na miaka mitatu baadaye mwanaakiolojia Kenan Erim akaanza kuchimba. Mwingine angelala garini akimnung'unikia dereva.

Basi ukienda ugenini na kamera, lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, iache hotelini. Chukua fupi ya milimita 35, inayokutaka usogee karibu na watu, kaa palipo na kazi: gatini, sokoni, kwenye kivuko. Agiza chai kwanza, kamera ikae mezani ionekane, maana anayevizia hujulikana tu. Mtu akikataa kwa mkono, shusha, omba radhi, endelea na chai yako.

Kati ya zile 600 tumechapisha moja, ipo sebuleni. Pembeni umeingia mkono wa muuza simit, unapanga mikate yake ya ufuta. Nilikuwa nimeshaiwekea alama ya kufutwa.