Fungua Kizibo cha Juu Kwanza: Kubadilisha Oili za Difu na Transfa Nyumbani

Mara ya kwanza nilipobadilisha oili ya difu ya nyuma, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kwenye gari langu, ambalo ni la aina ile inayosukumwa na magurudumu yote manne, nilianza kwa kumwaga. Oili ilitoka vizuri, nyeusi na yenye harufu kali ya kiberiti, nikarudisha kizibo cha chini, kisha nikageukia kizibo cha juu ambacho ndicho cha kujazia. Kikakataa kabisa. Kilikuwa kimeshikwa na kutu ya miaka mingi, na kadiri nilivyolazimisha ndivyo tundu lake la pembe sita lilivyolika mpaka likawa duara. Jioni ile nilibaki na gari lililoinuliwa juu ya stendi, difu tupu, na sina pa kupitishia hata tone moja. Lilikaa hivyo siku mbili, hadi fundi alipokuja kuchomelea nati juu ya kizibo kile ili kipate kushikika na spana.

Tangu siku hiyo sifungui kizibo cha chini cha kitu chochote kabla ya kuhakikisha kwamba cha juu kimefunguka. Kikikataa, gari bado lina oili yake ya zamani na linaweza kuendeshwa hadi gereji. Hasara yote ni muda wa kulala chini ya gari. Siku moja kabla ya kazi mimi husugua vizibo vyote kwa brashi ya waya, hunyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, na hutumia kifunguo kinachoingia barabara bila kucheza, baada ya kuchokoa udongo wote uliojaa ndani ya tundu lake. Udongo huo ndio unaozuia kifunguo kufika chini, na kifunguo kisichofika chini ndicho kinachoharibu vizibo.

Jambo la pili ambalo wengi hulipuuza ni kujua hasa kuna visanduku vingapi chini ya gari, kwa sababu gari la namna hii lina vingi kuliko la kawaida. Mbali na giaboksi, kuna difu ya mbele, ambayo mara nyingi imejengwa ndani ya giaboksi yenyewe. Kuna transfa, yaani kisanduku kinachochukua nguvu kutoka giaboksi na kuipeleka kwenye propela shafti, ule mhimili mrefu unaoifikisha nyuma. Na kuna difu ya nyuma. Magari mengi ya siku hizi yana pia klachi ya umeme mbele ya difu ya nyuma, ambayo huamua ni kiasi gani cha nguvu kifike magurudumu ya nyuma. Klachi hiyo huonekana kama sehemu ya difu, lakini katika magari kadhaa ina chumba chake, kizibo chake na oili yake tofauti kabisa, na baadhi yake zina chujio dogo linaloziba lisiposafishwa. Mtu anayemwaga kizibo cha kwanza anachokiona anaweza kuwa amemwaga oili ya klachi huku akidhani amemaliza kazi ya difu. Kwa hiyo mimi hukaa na kitabu cha gari na mchoro wake mpaka niweze kukitaja kila kizibo ni cha nini, kisha huvitia alama ya rangi, kila kisanduku na rangi yake.

Oili nazo hazibadilishani nafasi. Meno ya krauni na piniani, yaani gia kubwa na ndogo zilizo ndani ya difu, hayagusani tu, bali huteleza moja juu ya jingine chini ya shinikizo kubwa, na ndiyo maana difu huhitaji oili ya daraja la GL-5, yenye viungo vingi vya salfa na fosforasi vinavyoyakinga meno yasisagane. Harufu niliyoitaja hapo juu inatokana na viungo hivyo. Unene unaotajwa mara nyingi ni 75W-90 au 80W-90, ingawa watengenezaji wengine wamehamia 75W-85 ili kupunguza msuguano. Ukiimimina oili hiyohiyo kwenye giaboksi ya mkono iliyoandikiwa GL-4, pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia zinaweza kuteleza au kuliwa taratibu, na gia zikaanza kuingia kwa shida. Transfa nyingine hutumia oili ya difu, nyingine hutumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, nyepesi na nyekundu. Difu yenye klachi ndani ya kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure huenda ikahitaji kiungo cha ziada, la sivyo itatetema kwenye kona. Ushauri wa muuzaji wa oili usiukatae, lakini usiuweke juu ya kitabu cha gari lako.

Kuhusu giaboksi ya otomatiki nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona wa woga: siigusi nyumbani. Nyingi hazina kijiti cha kupimia. Kiwango chake hupimwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa ndani ya kiwango finyu cha joto, kwa kawaida karibu nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi, na joto hilo husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye gari. Tena ukimwaga, sehemu kubwa ya oili hubaki ndani, hasa kwenye torki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, kwa hiyo hubadilishi yote hata ukifanya kila kitu sawasawa. Difu na transfa hazina ugumu huo, na ndiyo sababu nazipendekeza kwa mtu anayeanza.

Kuinua gari ndiko kunakohitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Kiwango cha oili kwenye difu hupimwa kwa mdomo wa tundu la kujazia, hivyo gari lazima lilale sawa kabisa. Ukiinua upande wa mbele peke yake, oili itaegemea nyuma na utajaza kiasi kisicho sahihi bila kujua. Mimi hutumia stendi 4 zenye uwezo unaozidi uzito wa gari, juu ya sakafu ngumu, kisha hulisukuma gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini; likitikisika, naanza upya. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Na kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne kuna hatari ya ziada: ukiwasha injini na kuingiza gia wakati magurudumu mawili tu yako hewani, yale yaliyo chini yanaweza kushika na kulisukuma gari litoke kwenye stendi.

Kabla ya kumwaga, endesha gari dakika 10 au 15 ili oili ipate joto na kubeba uchafu inapotoka, ila usisubiri ichemke, kwa maana itakuunguza mikono. Difu nyingi za nyuma huchukua kati ya nusu lita na lita moja na nusu, na transfa mara nyingi huchukua chini ya hapo. Mimi huimwaga kwenye beseni lenye alama za kipimo, kwa sababu kiasi kilichotoka ni habari: kikiwa pungufu sana, kuna sili (pete ya kuzuia oili isitoke) inayovuja mahali fulani. Kisha natazama sumaku iliyo kwenye kizibo cha chini. Utelezi wa kijivu kama uji mzito ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na oili mpya haitavitibu. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi kupitia tundu la kupumulia baada ya gari kuvuka maji. Lisafishe tundu hilo, au maji yatarudi.

Kujaza hufanywa kwa pampu ya mkono yenye mpira mrefu, kwani nafasi iliyo juu ya difu haimruhusu mtu kugeuza chupa. Endelea hadi oili ianze kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, iache itulie, kisha ongeza kidogo hadi ichuruzike tena, isipokuwa kitabu kiseme kiwango kiwe chini ya mdomo kwa milimita kadhaa. Weka washa mpya, ile pete bapa ya kuzibia, kwenye kila kizibo, kwa sababu ile ya zamani imekwisha kubonyea na haitaziba vizuri mara ya pili. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu. Vizibo nilivyokutana navyo mimi vilitaka kati ya 35 na 50 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kiasi ambacho mkono wenye hamasa hukipita bila kuhisi, na uzi wa skrubu ulioharibika kwenye kisanduku cha aluminiamu ni kazi kubwa kuliko ile uliyokuja kuifanya.

Watengenezaji wengine huandika kwamba oili ya difu ni ya maisha yote ya gari. Mimi huibadilisha kila kilomita 50,000, na mapema zaidi gari likivuta trela au kupita kwenye maji, kwa kuwa sijapata kuona oili iliyotoka ikiwa na rangi ile iliyoingia nayo. Oili iliyotumika hurudi kwenye chupa za ile mpya, bila kuchanganywa na maji ya breki wala ya rejeta, na hupelekwa mahali pa kukusanyia oili chafu. Siku inayofuata huegemeza tochi chini ya gari na kupitisha karatasi nyeupe chini ya kila kizibo. Ikitoka kavu, naandika kilomita, aina ya oili na lita zilizoingia kwenye daftari ninaloliweka pamoja na kitabu cha gari, pamoja na ukubwa wa kifunguo cha kila kizibo.