Barua kwa mwanangu: Karatasi uliyoikuta kwenye daftari la mchumba wako

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea na baba yako. Unasema umeazima daftari la mchumba wako, ukakuta ndani karatasi iliyogawanywa kwa mstari: huku sababu za kuoa, huku sababu za kungoja. Unauliza kama orodha humfichua mtu. Humfichua, mwanangu, ila si pale unapopatazama wewe.

Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliandika karatasi kama hiyo Julai 1838, akiwa na miaka 29. Upande wa kuoa aliweka watoto, Mungu akijalia, na rafiki wa uzeeni. Akaongeza kwamba mke ni afadhali kuliko mbwa. Upande wa kutooa aliweka uhuru wa kwenda atakako, mazungumzo na watu werevu, kutolazimika kutembelea ndugu, na pesa za vitabu zitakazopungua akioa. Hilo la mbwa limewaudhi wengi, na mimi nimo. Lakini soma yote utaona kitu kinachorudi: kupoteza muda. Kimejipenyeza hata upande wa kuoa, katikati ya sifa. Hapo ndipo alipo Darwin mwenyewe. Alikuwa amerudi mwaka 1836 kutoka safari ya karibu miaka mitano baharini, kichwa kimejaa kazi, na alichokiogopa ni jioni zitakazopita bila kusoma.

Tazama na kisichokuwamo: jina la mwanamke. Alikuwa anaipima ndoa tu, akaamua kuoa. Alimwoa binamu yake Emma Wedgwood tarehe 29 Januari 1839, wakazaa watoto 10, wakaishi pamoja hadi Darwin alipofariki mwaka 1882. Tabia ya kuorodhesha haikumtoka. Usiku walikuwa wakicheza backgammon, mchezo wa kete na dadu wa watu wawili, naye akiweka hesabu. Mwaka 1876 alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba Emma ameshinda mara 2,490 naye mara 2,795, na alishangilia kama mtoto. Zile jioni alizoogopa zitampotea ndizo alizokuja kuzihesabu kwa furaha.

Mimi watu nimejifunza kuwasoma kwenye daftari la rambirambi. Alipofariki bibi yako, mjomba wako ndiye aliyelishika kwanza, akawa anaandika jina na kiasi. Shangazi yako alipolipokea, akaandika: fulani, ndoo za maji, fulani, kuni, fulani, amelala nasi hadi matanga yakaisha. Wote wawili waaminifu. Mjomba anawaza siku tutakayopaswa kurudisha, na kwetu hilo si dogo. Shangazi anataka kukumbuka nani alikuwapo. Nikikufunulia kurasa zile utajua ipi ni ya nani kabla hujatazama mwandiko.

Halafu kuna orodha za kuonwa na watu na orodha za kufichwa. Ya kuonwa mtu huipamba. Hii ya mchumba wako hakuiandika ili uione, kwa hiyo mimi naiamini.

Wewe umeshikilia neno "uhuru". Vijana wengi huliandika hilo wakikaribia ndoa, sioni la kutisha. Ila umeninakilia orodha nzima, nami nimeona ada ya mdogo wake imeandikwa mara mbili: juu, na tena chini kabisa. Kodi ya nyumba mara moja. Gharama za harusi mara moja. Huyo ni kijana anayeogopa kubeba nyumba mbili kwa mshahara mmoja, na hajakwambia. Kinachoniuma ni huko kutokukwambia. Orodha yenyewe inanionyesha mtu asiyetaka kumwacha mdogo wake njiani, na mtu wa namna hiyo namtaka karibu nawe.

Jina lako halimo, ndiyo. Usilie kwa hilo. Alikuwa anajipima mwenyewe.

Mrudishie daftari na karatasi yake ikiwa ndani, umwambie umeiona. Anza na mdogo wake: amebakiza miaka mingapi shuleni, na zaidi yake nani mwingine analipa? Baba yako anasema kama shida ni ada, atakaa na wazee wa upande ule waangalie namna ya kuisogeza mahari, nami nimekubali. Ukishazungumza naye nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako