Unataka kuizoea terminali? Anza na muziki

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza mfumo wa kompyuta wa Linux hapa Ngamiani, Tanga, nawashauri hivi: amri zenu za mwanzo kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ziwe za kupiga muziki. Amri nyingine ukiikosea unabaki unaikodolea macho skrini. Hii inakujibu papo hapo, kwa sauti au kwa kimya.

Anzeni na mpv, programu ya kupiga muziki na video. Ingia kwenye folda ya nyimbo kwa amri ya cd, kisha andika mpv --no-video na jina la faili. Wengi hukwama hapo hapo. Nyimbo zetu nyingi zimetolewa kwenye kanda za zamani, na aliyezihamisha kazipa majina yenye nafasi katikati, mfano Taarabu ya harusi 3.mp3. Terminali inadhani umetaja faili nne, inatafuta moja moja, haioni hata moja. Lifunge jina lote kwa alama za kunukuu: 'Taarabu ya harusi 3.mp3'. Au andika herufi chache za mwanzo, bonyeza Tab, iache imalizie yenyewe. Yakiwepo majina yanayofanana, itasimama pale yanapoachana. Bonyeza Tab mara mbili uyaone yote. Zoeeni Tab mpaka kidole kiende chenyewe, maana mtaihitaji kila siku, hata kwa kazi zisizo za muziki.

Kwa folda nzima, andika mpv --no-video *.mp3. Angalieni tu kwamba wimbo10 utatangulia wimbo2, kwa hiyo andikeni 01, 02 tangu mwanzo. Ukitaka kupunguza sauti bonyeza 9, kuongeza 0, kufunga q.

Sauti isipotoka, msikimbilie kufuta programu na kuiweka upya. Fungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, tazama chini ya nguzo ya Master, yaani sauti kuu. Ukiona MM, sauti imezimwa. Bonyeza m mpaka isomeke OO.

Nyimbo zikishakuwa nyingi, hamieni cmus, programu nyingine ya muziki ya humo humo kwenye terminali. Ni nyepesi, hata kompyuta kongwe inaimudu. Inapanga nyimbo kwa msanii na albamu, lakini inafuata taarifa zilizoandikwa ndani ya faili. Nyimbo za kanda mara nyingi hazina taarifa hizo, basi Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizoutangaza mji huu wa Tanga, zinarundikwa pamoja bila jina. Hilo linaniuma kweli. Kwa haraka unaweza kubonyeza 5 ukapita folda kwa folda, ila msiishie hapo. Tengeni jioni moja, mkae na mzee anayezijua nyimbo hizo awatajie nani kapiga nini, kisha ndani ya folda ya kila bendi tumieni id3v2, programu ya kuandika taarifa hizo ndani ya faili, kwa mfano, id3v2 -a 'Atomic Jazz' *.mp3. Mkimaliza, rudini kwenye cmus, andikeni :update-cache, halafu bonyezeni 1 mhakikishe kila bendi imekaa kwa jina lake.